Siku Niliyomwamuru Mgeni Aende Kaskazini

Jamani, aibu nyingine huisha kwa kuoga, yangu niliiogea togwa na mpaka leo haijanitoka, kwa hiyo vicheko ni vyenu, mimi nasimulia tu.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni ya watu wazima pale Ng'ambo, Tabora (nilipohitimu mji mzima ulisimama, au angalau mtaa wetu, haya basi, mama yangu alisimama), lakini Kiingereza kilikuwa kimenishinda kabisa. Mwalimu wetu, Zubeda, ambaye nadhani Mungu alipogawa subira alipanga foleni mara mbili, hakunikatia tamaa. Kaka yake alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na kimashine cha vibonye cha kuchezea michezo, cha kuunganisha na televisheni, na televisheni yao, iliyotoka Unguja, tangu ifike Tabora haikuwahi kushika picha hata moja, ilifunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa redio juu. Sasa ikapata kazi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa maneno matupu. Kioo kinakwambia kwa Kiingereza kwamba uko pangoni, mlango uko kaskazini, na joka linakoroma. Wewe unaandika amri ya maneno mawili, "Go nothi", yaani nenda kaskazini, au "Teki lampu", yaani chukua taa, na mtu wako wa mchezoni anatii, anaingia chumba cha pili, anatulia, anangoja amri nyingine. Ukikosea neno, joka linakula. Hebu niambieni, ni mwanafunzi gani atasahau neno lililomtoa kwenye meno ya joka? Zubeda alikaa pembeni na kamusi mapajani, hanitajii neno mpaka nihangaike nalo mwenyewe, nikilipata anapiga kigelegele majirani wanadhani kuna posa. Nikajua mlango, kamba, daraja, upanga, kula, kunywa, kaa. Shule gani imewahi kufundisha hivyo?

"Ramadhani," aliniambia, "umekusanya matofali mazuri. Nyumba bado."

Mimi nikasikia hilo neno "mazuri" peke yake.

Sasa kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka mjini, tulikuwa na ushirika wa warina asali. Tulikamua kwa mikono, nusu ya asali inabaki kwenye masega, na tulikuwa tunaomba mashine ya kukamulia. Vijiji vingine viliililia mashine hiyohiyo, na wa kuamua ni mgeni kutoka Ulaya. Akaja, bibi mmoja mrefu, mtaalamu wa mashine na si wa nyuki, pamoja na afisa wa kumtafsiria. Afisa hata hajamaliza kusalimia wazee, homa ikamwangusha, dereva akamkimbiza zahanati. Mwenyekiti akageukia umati.

"Ndugu wananchi, nani anajua Kiingereza?"

Mkono wangu ukapanda. (Sikuupandisha, ulipanda.)

"Siti!" nikamwambia mgeni, nikionyesha kiti. Akakaa. Umati ukaguna kwa heshima. "Iti hani!" Akala asali, na mimi nikala pamoja naye ili aone mfano, nikajipaka mpaka ndevuni. "Drinki wota!" Akanywa maji.

"Makubwa!" akasema Mama Kabula, mkuu wa wapishi. "Kampa limbwata? Mzungu anamtii kama mkwe mpya!"

Nikavimba kama andazi. Kwetu hata mwenye ugomvi nawe atakuuliza kwanza habari za nyumbani, lakini kwenye mchezo hakukuwa na salamu, maana nani anaamkia joka? Mgeni akanitazama kwa mashaka, akauliza jambo refu sana. Nikamjibu kama kimashine cha mchezo kilivyozoea kunijibu mimi, kwamba sielewi, jaribu tena. Akajaribu tena. Nikamjibu vilevile.

"Mwonyeshe mizinga," akasema Mwenyekiti, "ila kwa mbali. Jua hili la utosini haisogelewi bila moshi."

Mizinga ilikuwa juu ya vichanja nyuma ya uwanja, upande wa kaskazini. Nikanyoosha mkono. "Go nothi!"

Akaenda. Nikangoja atulie baada ya hatua chache kama mtu wangu wa mchezoni, wapi! Bibi anakata majani kama askari wa gwaride.

"Mwambie asimame!" Mwenyekiti akapiga kelele.

Ndipo nikagundua kwamba neno hilo sinalo, kwa sababu mchezoni hakuna anayeamriwa kusimama, anasimama mwenyewe. Nikapekua kichwa chote. "Teki lampu!" nikalia. Akageuka, akatafuta taa, hakuiona, akaendelea kaskazini mpaka mdomoni mwa mzinga.

Nyuki walitoka kama moshi wa treni. Watu wakatawanyika, na mimi, mwenye asali ndevuni, nikachaguliwa na nyuki wa mkoa mzima. Nilikimbia nikaliona pipa la togwa ya wageni, nikazama mpaka puani.

"Toka kwenye togwa yetu, mkalimani!" akafoka Mama Kabula.

"Wakiondoka, mama!"

"Na wageni wanywe nini, jasho lako?"

Lakini huyohuyo Mama Kabula hakukaa kunigombeza. Aliwaita wenzake, wakachomoa vijinga vya moto jikoni, wakaingia katikati ya nyuki, wakamfunika yule bibi kanga na kumrudisha taratibu huku wakifukiza moshi. Sijaona ushujaa kama ule, nami niliutazama kutoka ndani ya pipa.

Mgeni akafika mbele yangu, jicho moja limevimba likafunga. Mwenyekiti ananikazia macho, mashine inakwenda hivyo, niseme kitu. Nikaibuka, nikatoa sentensi ndefu kuliko zote nilizozijua, ambayo kioo kiliiandika kila nilipoliwa na joka: kwa Kiingereza safi nikamwambia, "Umekufa. Unataka kucheza tena?"

Akanikodolea jicho lililobaki. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa pipa, akachota kata ya togwa, mbali kidogo na kwapa langu, akanywa.

Kesho yake afisa akapata nafuu, akatueleza. Wajukuu wa yule bibi wanaucheza mchezo huohuo. Mwanzoni alidhani amekamatwa. Na mashine anatupa, kwa sababu wanawake wanaoingia kwenye nyuki kwa ajili ya mgeni ambaye hata hakuwaamkia, mashine hawatashindwa kuitunza.

Nilimpelekea Zubeda habari nikitegemea kufukuzwa darasani. Alicheka mpaka akaegemea televisheni, akafuta machozi, akafungua kamusi. "Leo hatuwashi," akasema. "Leo ni salamu."

Basi nimeapa. Sitakuwa mkalimani tena, na siku mkono ukipanda wenyewe, nitamsalimia mgeni, nitamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, na jua litazama tukiwa bado kwenye salamu, asipate nafasi ya kuniuliza swali hata moja.