Suti ya Kuapishwa

Usiku wa matokeo fundi hakupata usingizi hata wa kuibia. Alikaa kando ya cherehani, redio ikisoma matokeo ya majimbo, moja baada ya jingine. Juu ya rafu kulikuwa na kitambaa cha buluu, kimekunjwa vilevile kilivyoletwa wiki tatu nyuma. Mkasi ulikuwa haujakigusa.

Mwenye kitambaa alikuwa mama wa mtaa wa nyuma, mteja wake wa miaka kumi na tano, ambaye safari hii aligombea urais. "Nishonee suti ya kuapishwa, dada," alisema siku ile, wala hakuwa anatania. Fundi akampima kifua, kiuno na mabega, akaandika kwenye daftari. Alipotoka tu, akawageukia waliokaa kwenye benchi.

"Jamani, huyu ataapishwa wapi, jikoni?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Wiki moja baadaye kikaletwa kitambaa cha mpinzani wake, mwanaume. Kilichokuja nyuma kikatangulia: kikakatwa, kikashonwa, suti ikapigwa pasi, dereva akaja kuichukua. Na yule mama kila alipopiga simu, fundi alimpa jibu la mafundi wote: "Imebaki vifungo tu."

Saa kumi alfajiri redio ikatangaza kuwa nchi imepata rais mwanamke, wa kwanza. Nje vigelegele vikapasuka. Binti yake, aliyekuwa akijifunza kazi kwake, akatoka chumbani na shuka mabegani.

"Mama, anaapishwa kesho saa nne. Suti iko wapi?"

Fundi akatazama rafu. Binti akayafuata macho yake.

"Hukuikata?"

"Nilidhani hana chake."

"Na ya yule baba tuliimaliza kwa siku nne. Mifuko nilishona mimi."

"Usinipandishie sauti, mwanangu."

Kweli, hakuwa amepandisha. Aliuliza polepole, na hilo ndilo lililomchoma mama yake: "Ningekuwa mimi, ungenishonea?"

Fundi akakishusha kitambaa kutoka kwenye rafu.

Kulipokucha alikitia kwapani, akajivika futi ya kupimia shingoni, akaenda. Njiani alijitungia uongo. Umeme ulikatika. Hapana, cherehani iliharibika. Hapana, aliumwa. Getini alikuta walinzi ambao hakuwahi kuwaona pale.

"Nani wewe?"

"Fundi wake."

"Aa, pita, mama, pita! Anakusubiri wewe tu." Wakampisha kama mtu mkubwa, naye akatamani ardhi immeze.

Mlango ulifunguliwa na mwenyewe, macho mekundu kwa kukesha, uso umekunjuka kwa furaha. Alinyoosha mikono yote miwili apokee suti.

"Sijaishona," fundi akasema. "Hata kuikata sijaikata. Nilidhani hutashinda kwa sababu wewe ni mwanamke. Nilikucheka mbele ya wateja. Lakini nikianza sasa hivi, kesho asubuhi itakuwa tayari."

Yule mama alikitazama kitambaa. Akakichukua, akakilaza mkononi.

"Asante kwa kusema ukweli, dada," akajibu, macho yakiwa chini.

Mlango ukafungwa taratibu, haukubamizwa. Fundi alikuwa bado kizingitini alipomsikia akiwauliza waliokuwa ndani:

"Kuna anayemjua fundi mwingine?"