Ihamishe, Lakini Usiizime

Kabla hujanicheka, jua kwamba siku ile sikuwa nimeonja kitu, sikuwa na homa, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka mpaka mawe ya vilimani yanauma macho. Wengi wakisimulia habari za wafu huanza na giza na bundi. Hii yangu haina giza wala bundi. Ina kompyuta, waya na ngazi. Fundi mwenzangu mmoja pale Musoma aliponisikia alisema, "Wewe ulipigwa na jua." Sikubishana naye. Hakuwepo.

Mimi ni mzaliwa wa Butiama, naishi Musoma, na kazi yangu ni kufunga redio za mtandao. Usifikirie redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hizi ni viboksi vyeupe, vidogo kama mkate, vinavyofungwa juu ya nguzo. Kimoja kinakipasia kingine, hicho nacho kinakipasia cha mbele yake, mpaka intaneti iliyotoka mjini inafika kijijini ambako waya haujawahi kufika. Tulikuwa tumefunga mstari mmoja kupitia Suguti mpaka kando ya Murangi, na kiboksi cha mwisho kilikuwa juu ya paa la kituo kidogo cha afya. Nesi wa pale, Nyasato, alikitumia kumpigia daktari wa mjini kwa video akipata mgonjwa aliyemzidi uwezo.

Siku moja Nyasato alinipigia simu akiwa amepanda jiwe nyuma ya kituo, maana pale chini simu ya kawaida haishiki. Hakunisalimia.

"Fundi, mtandao wako unanifia. Asubuhi unakuwaga mzuri kabisa. Ikifika saa nane unakufa mpaka jua lizame. Juzi nilikuwa naongea na daktari, picha ikaganda mdomo wake uko wazi. Mama nimemwokoa. Mtoto sikumpata."

Alisema hivyo, akakata simu.

Kesho yake nilikuwa pale na pikipiki yangu. Nilidhani ni mambo ya kawaida: wanafunzi wanapakua video za mpira, au tawi limeota mbele ya redio. Nikaangalia, hakuna. Sasa nikueleze kidogo, ili usipotee mbele. Redio hizi zina adabu. Kabla haijasema, inasikiliza kama kuna mwingine anasema kwenye chaneli hiyo. Akiwepo, inangoja anyamaze. Lakini akitokea mmoja asiyenyamaza, wengine wote wanabaki kungoja, na kila mwenye neno anakaa kwenye foleni. Hapo tunasema chaneli imejaa.

Saa nane kasorobo chaneli yetu ilikuwa nyeupe kabisa. Saa nane ilipotimia, ikajaa. Kulikuwa na redio ngeni, haina jina, inaita bila kupumzika. Nikauhamisha mstari wetu wote kwenda chaneli nyingine. Dakika kumi hazijaisha, ikatufuata. Nikahama tena. Ikatufuata tena. Najua zipo redio zinazojichagulia chaneli zenyewe, na nikajiambia itakuwa ni hiyo. Lakini redio ya aina hiyo hukimbia chaneli iliyojaa, haiifuati.

Nikachukua antena ya mkononi, ile inayosikia upande mmoja tu, nikaanza kuifuata. Ilinipitisha katikati ya mashamba ya mihogo, ikanipandisha kilima chenye mawe makubwa, na kule juu nikaikuta nyumba ya matofali ya kuchoma, bati bado linang'aa, uwanja umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Kwenye nguzo pembeni kulikuwa na kiboksi cheupe na sola yake. Mbele ya mlango alikaa mwanamke kwenye kigoda, amevaa kanga ya njano, simu mkononi. Alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia.

"Karibu, shemeji," akasema, kama mtu aliyekuwa ananitegemea. "Umekuja kuizima?"

"Sijaja kuizima, dada. Inatuziba. Ni ya nani?"

"Ya mume wangu, Magesa. Yuko ng'ambo, Kisorya, anatengeneza mashine za mitumbwi. Hii aliifunga hapa, na nyingine akaifunga kule. Ikifika saa nane anapumzikaga kazi, tunaongea."

"Na inashika?"

"Siku hizi haishiki," akasema. "Ndiyo maana inaita."

Akaniuliza hiyo mitambo yetu ni ya nini. Nikamwonyesha bati la kituo kule chini, nikamwambia ni ya nesi, hasa kwa ajili ya wamama wa kujifungua. Alilitazama lile bati muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya tumbo. Mimi nilisimama pale nikiwaza anahesabu ni siku ngapi zimebaki na yeye afike huko.

"Basi ihamishe," akasema. "Lakini usiizime. Niahidi."

Nikamwahidi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mtu ana haraka, anataka kazi yake iishe.

Nikasimamisha ngazi, nikachomeka waya wa kompyuta. Nikaiondolea ile tabia ya kujichagulia, nikaifungia kwenye chaneli ya mwisho kabisa, mbali na mstari wetu. Nilikuwa bado juu ya ngazi, bisibisi mkononi, kompyuta ilipoandika kwamba upande wa pili umeunganishwa. Simu ya yule dada ikaita palepale, akaipokea kwa spika.

"Umekula?" akauliza yeye, hata salamu hakuna.

Sauti ya mwanaume ilichelewa. Halafu ikajibu, "Bado. Na wewe?"

"Nimekula. Ugali wa muhogo na vile visamaki, furu."

"Furu wa wapi?"

"Amenipa mama. Unakuja lini?"

"Nikimaliza mashine hii."

Wakanyamaza wote wawili, na hakuna aliyekata. Unajua ule ukimya wa watu waliozoeana? Mimi naishi chumba cha kupanga. Mke wangu aliondoka wakati tulikuwa tumeshaacha siku nyingi kuulizana kama mmoja amekula. Pale juu ya ngazi nikamwonea wivu mwanaume nisiyemjua hata sura. Nikashuka polepole, nikakunja ngazi yangu, nikaondoka bila kuaga. Niliona aibu kuwasikiliza.

Kituoni nilimkuta Nyasato anacheka peke yake mbele ya simu. Mtandao ulikuwa umefunguka kama mtu aliyezibuliwa pua. Alikuwa amempigia daktari kujaribu tu, na picha ilikuwa haitetemeki.

"Umefanyaje?"

"Kulikuwa na redio ya jirani yenu kule kilimani. Dada mmoja mjamzito, mume wake yuko Kisorya. Nimeihamishia mbali."

Kicheko kikamwisha. "Mume anaitwa nani?"

"Magesa."

Akavuta kiti, akakaa. "Huyo ni Nyanjiga," akasema. "Nyanjiga alinifia hapa hapa, kwenye kitanda kile, na mtoto tumboni. Huu mwaka wa tatu. Nilipanda kwenye lile jiwe nikipiga simu mpaka chaji ikaisha. Mtandao wenu ulikuwa bado."

Nikamwambia haiwezekani. Alinikaribisha. Niliongea naye. Nyasato hakubishana, alisema tu twende asubuhi.

Asubuhi tulipanda wote wawili. Nyumba haikuwa na bati. Nyasato alisema ndugu waliliezua zamani. Ukuta wa mbele ulikuwa umelala, majani yamefika kiunoni. Pembeni kulikuwa na kaburi la saruji lenye msalaba, jina lake limeandikwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Nguzo ilikuwa imeoza na kuanguka. Nilipapasa kwenye majani nikaipata ile redio, nyeusi kwa ukungu, waya wake umetafunwa na panya. Sola haikuwepo kabisa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka kujua. Nikaibeba ile redio mpaka kituoni, nikaisafisha, nikaiunga kwenye betri. Ikawaka. Nikafungua kuangalia imewekwa chaneli gani. Ilikuwa ile ya mwisho, niliyoifungia mimi mwenyewe jana yake, na kule kujichagulia kumezimwa. Nyasato alitazama kioo cha kompyuta, akajifunga kitenge chake upya, akatoka nje.

Ningeweza kuirudisha siku ileile, si ndiyo? Sikuirudisha. Niliogopa, ukweli ndio huo. Niliitia kwenye begi nikarudi nayo Musoma, na usingizi haukuja. Kesho yake nikapanda gari mpaka Bunda, na pale Bunda nikapata la kwenda Kisorya.

Magesa sikumtafuta sana. Kila mtu pale gatini anamjua fundi wa mashine. Nilimkuta kwenye kibanda chake, mtu mrefu, mikono imejaa grisi, na juu ya paa la kibanda kulikuwa na kiboksi cheupe kinachotazama ziwani, upande wa Murangi. Nikamwambia mimi ni fundi wa mitandao, nimetoka kule kwao.

Akaweka spana chini. "Ni wewe uliyeigusa?"

"Ndiyo."

"Tangu azikwe, naiwasha kila saa nane," akasema. "Najua ni ujinga. Haijawahi kushika hata mara moja. Juzi ikashika." Akanitazama machoni. "Ulimwona?"

Kichwa changu kikakubali chenyewe.

"Alivaa nini?"

"Kanga ya njano."

"Amekonda?"

"Hapana."

"Na tumbo? Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Kubwa."

Alikaa juu ya mashine aliyokuwa anaitengeneza, akafunika uso kwa mikono ileile yenye grisi. Aliniambia kwamba neno lile, kwamba atakuja akimaliza mashine, ndilo alilomwambia kwenye simu ya mwisho Nyanjiga akiwa hai. Alipomaliza ile mashine na kuvuka, alikuta turubai la msiba limeshafungwa uwanjani. "Juzi ameniuliza vilevile," akasema. "Na mimi, badala ya kusema nakuja sasa hivi, mdomo ukarudia lilelile."

Nikalishika begi langu begani.

"Jana niliwasha kumwambia nakuja," akaendelea. "Kimya. Leo pia kimya. Hebu niangalizie, fundi. Labda chaneli."

Sasa niambie, mtu unaanzaje? Nilifungua begi, nikaitoa ile redio, nikaiweka mezani katikati ya boliti na spana zake. Aliitambua mara moja. Angenipiga ningeshukuru. Alichukua kitambaa, akaifuta taratibu, kona moja baada ya nyingine.

"Alikuambia uing'oe?" akauliza.

"Aliniambia nisiizime."

Akasimama, akafunga kibanda.

Tulirudi pamoja kule kilimani. Nilileta nguzo mpya ya chuma, sola mpya na waya mpya, vyote kwa mfuko wangu, nikairudisha ile redio juu, na chaneli sikuigusa. Magesa alifyeka majani yote mpaka mlangoni. Kisha akavuka kurudi Kisorya, na ilipofika saa nane akawasha. Redio zikaonana. Taa ya kijani, chaneli safi, hakuna anayemwingilia mwenzake. Mimi nilikuwa kilimani na kompyuta yangu, nikaona upande wake umeunganishwa. Akapiga namba ya Nyanjiga. Nasema alipiga kwa sababu aliniambia baadaye. Pale nilipokaa mimi hakukuwa na simu yoyote iliyoita.

Ni mwaka sasa. Kila siku saa nane zinashika, redio hizo mbili, na hakuna linalopita kati yake. Kituoni mtandao haujakufa tena hata siku moja, na Nyasato ana watoto watatu aliowaokoa kijijini ambao mama zao hawajui kwamba mtu aliwapisha. Wenye mradi wa mtandao wetu waliwahi kuniandikia nikaiondoe ile redio ya kilimani kwa kuwa haina kazi. Nilikataa. Niliwaambia waniondoe mimi kwanza. Mara moja kwa mwezi napanda kule, nafuta vumbi kwenye sola, nakaa kidogo karibu na kaburi. Hakuna aliyewahi kunikaribisha tena.

Nilimwuliza Magesa kwa nini asirudi akajenga upya palepale, akae na kaburi la mke wake. Akanishangaa. "Nikirudi huko," akasema, "nani atampigia kutoka huku?"

Kwa hiyo wewe unayepanda nguzo kama mimi, au hata wewe usiyejua redio ni nini, shika neno hili. Siku ukikuta kitu kinaita peke yake mahali ambapo hapana mtu, na kimekuziba njia, kiombe kikupishe, halafu shuka ngazi uende zako. Usirudi kesho yake kutafuta uhakika. Mimi nilirudi. Uhakika ninao, na mpaka leo sijui niupeleke wapi.