Matundu Niliyoyaziba

Fundi aliyenijengea ukuta hapa Kitengela aliacha matundu sita chini yake, ya kupitisha maji. Nikayaziba kwa saruji kwa mikono yangu mwenyewe. Sikuwa nawaza mvua. Nilikuwa nawaza wanakondoo wa jirani yangu wa upande wa juu, mjane wa Kimaasai, waliokuwa wakipenya humo na kunimalizia sukuma wiki. Tulikuwa tumegombana mwaka mzima kwa ajili ya sukuma hizo. Nakiri nilimchukia, na yeye hakunipenda hata kidogo.

Aliponikuta na karai la saruji alicheka.

"Unafungia nani njia? Kondoo ama maji?"

Nikamwambia ashughulike na yake. Ardhi ilikuwa imekauka hadi ikapasuka, na sisi tulionunua ploti wakati wa kiangazi hujiona tunaijua ardhi hii kuliko waliozaliwa juu yake.

Wiki chache baadaye mvua ilitushukia mchana, ya kishari, na radi zikipiga karibu hadi vyombo vikatetemeka kabatini. Uwanja wangu ulikuwa na matope tu, nikajipongeza. Kisha nikamsikia jirani nyuma ya ukuta akinipigia kelele niubomoe.

"Siwezi kubomoa ukuta kwa sababu ya kondoo zako!" nikamjibu.

"Si kondoo! Ni bibi ya kijana yangu! Alipasuliwa juzi akizaa, hawezi tembea! Maji imefika kwa kitanda!"

Nikapanda juu ya pipa, nikachungulia. Kwake kulikuwa na ziwa la rangi ya chai, limezuiliwa na ukuta wangu, linapanda mlango wa nyumba yake ya mabati. Ndani mtoto mchanga alikuwa analia. Niliona aibu, na aibu ile ikanikasirisha zaidi.

Nilichukua nyundo kubwa, nikasimama mbele ya ukuta, katikati kabisa, nikainua chuma kile huku nikiomba radi isinione.

"Toka hapo mbele, mjinga wewe!" Alikuwa amepanda juu ya nguzo ya kona, kalowa chapachapa. "Itakuangukia! Kuja huku kando, anza na mawe ya juu!"

Hakuna aliyewahi kuniita mjinga ndani ya uwanja wangu. Nilikuwa na jibu lake, tena la matusi, lakini mtoto alikuwa bado analia. Nikahamia kando. Sikuwa nimefikisha pigo la nne wakati kipande chote cha katikati kilipolala chini kwa kishindo, na maji yakapita pale pale nilipokuwa nimesimama, yakabeba pipa, sukuma zote na geti. Kwake yakaanza kushuka. Tulipoingia ndani tulimkuta mkwe wake amesimama juu ya kitanda, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Wote walikuwa wazima.

Kesho yake nilimpelekea sukari na majani chai. Alipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Asante, Yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kimaasai. "Jana uliniokoa."

"Sikukuokoa," akasema. "Niko na mkwe moja na mjukuu moja. Nyundo ilikuwa kwa mkono yako. Ungekufa, nani angebomoa?"