Bolti Zilizonipeleka Lufingo

Nilikwenda Lufingo kwa sababu ya ukaidi wa bolti. Mimi ni seremala hapa Mbeya, na tajiri mmoja alinipa kazi ya kubadilisha mbao za behewa kuukuu la mizigo alilotaka kuliweka mbele ya hoteli yake. Kila nilipokaza nati, bolti nzima ilizunguka ndani ya ubao. Tajiri akanipa mpaka Jumamosi. Nikishindwa, mbao zinatolewa, mchomeleaji anapiga mabati, na jina langu kwisha. Nikaambiwa Mzee Ambakisye wa Lufingo, aliyestaafu karakana ya reli, alitengeneza mlango wa ghala kwa mbao na bolti za behewa. Nikidhani zangu ndizo mbovu, nikafunga safari kwenda kumwomba hizo bolti.

Alhamisi alfajiri niliondoka. Isongole ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya viazi, na baridi ilinikumbusha koti nililoacha msumarini. Tukuyu nikachukua bodaboda, tukapanda na kushuka vilima katikati ya migomba hadi Lufingo.

Saa nne nilikuwa mbele ya mlango wenyewe.

“Ugonile, mwanangu,” mzee alinisalimu. Nikaeleza shida yangu. “Bolti? Toa tu, kama utaweza.”

Nikachomoa spana kwa mbwembwe. Vichwa vyote vilikuwa vya mviringo, laini, havishikiki. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

“Kichwa nje, nati ndani! Mwizi wa mizigo alikuja na spana yake, akashika nini?”

Akafungua mlango, akalegeza nati moja kwa ndani, akaigonga bolti ikatoka. Chini ya kichwa ilikuwa na shingo ya pembe nne, na ubao ulikuwa na alama yake, kama meno kwenye muhogo.

“Wewe ulitoboa tundu la namna gani?”

“Pana kidogo, mzee, ili shingo ipite.”

“Shingo haipiti, mwanangu. Inang'ata!” Akaniambia nizibe matundu yangu kwa vigingi vya mti mkavu, kisha nitoboe upya, tundu la kutosha mwili wa bolti tu.

Mkewe, Bibi Tupokigwe, alitoka jikoni na sahani ya ndizi. “Kwanza rudisha bolti ya mlango wangu. Ndipo ule.”

Nikaigongomea. Pigo la tatu ikatulia, nati ikakazika. Ndizi zile nilizila kwa raha kubwa.

“Ndaga fijo,” nikawashukuru na kuwaaga, nikarudi mikono mitupu.

Ijumaa kutwa niliziba na kutoboa. Jumamosi tajiri alifika na mchomeleaji, mashine tayari. Akaning'inia kwenye ubao kwa mikono miwili, akautikisa, ukamtazama tu. Akamwambia mchomeleaji afungashe vyombo vyake.

Nilibaki ndani ya behewa, nimefurahi na kuona haya kwa pamoja. Miaka kumi na tano natoboa matundu mapana ili kazi iende haraka, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza ile shingo ni ya nini.