Shangazi Aliyeajiriwa Kuwa Zimwi

Pale Voi tuliambiwa kwamba kila zimwi wa gemu ana mtu wake Nairobi: ameajiriwa, amepewa kiti na pedi ya kubonyeza, anapigana na wachezaji hadi zamu yake iishe. Niliamini kabisa. Hata nilikuwa nawaeleza watu kwamba ndiyo maana mazimwi wa Jumatatu asubuhi huwa wazembe.

Basi nilipohitimu shule ya usiku nikatengeneza gemu yangu ya kutisha, ya mapigano ya kupokezana: wewe unapiga, zimwi anapiga, mpaka mmoja alale. Giza nililolipaka humo lilikuwa zito, ukiwasha kompyuta kuku wa Mbololo nzima wanapanda kulala. Kilichobaki ni mfanyakazi. Nikamwajiri shangazi.

Yeye alikuwa akiuza machungwa Miasenyi, pale pazuri malori yanaposimama. "Kazi ya kukaa kivulini, nikatae nina wazimu?" Jirani yake wa hapo akakubali kumshikia meza ya machungwa wiki moja; asiporudi, meza imekwenda.

Kanuni za vita tukatunga pamoja. Nilitaka zimwi ararue kwa kucha. Shangazi akasema kucha ni ushenzi, yeye atapiga kofi. Nikataka avamie ghafla.

"Bila hodi? Kwani mimi mwizi?"

Zimwi wangu akawa anabisha hodi, anangoja akaribishwe, ndipo kofi. Saa nne anakunywa chai, na wakati huo hauawi hata umpige na shoka.

Siku ya mwisho ya ile wiki akaja mwalimu wangu wa kompyuta, mtu wa Mombasa, kuijaribu. Akamkuta shangazi ameshika pedi ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwalimu akapiga. Shangazi akaweka pedi mapajani.

"Shangazi, mpige!"

"Nimpigeje na nimeshamwitikia? Mpige wewe usiye na adabu."

Zimwi akakatwakatwa, kimya, mpaka akafa.

Mwalimu akaniuliza polepole, "Huyu mama anafanya kazi gani hapa?" Nikamweleza habari za Nairobi, na za meza ya Miasenyi. Hakucheka.

"Hakuna mtu Nairobi," akasema. "Zimwi anaendeshwa na kompyuta yenyewe. Unaiandikia masharti: mchezaji akikaribia, piga. Basi. Mrudishe mama kwenye meza yake sasa hivi, kabla jua halijatua."