Picha ya Kaka Akipiga Kasia

Miaka yote ya kazi yangu pale Bariadi nimewapiga picha watu waliotulia: maharusi, wahitimu, wenye shida ya pasipoti. Mtu anakaa kwenye stuli, namwambia "angalia hapa," nabofya, kazi imekwisha. Kwa hiyo mama alipoomba picha ya kaka yangu akipiga kasia kwenye mashindano ya mitumbwi kule Nassa, nilimjibu kwa majivuno kwamba hilo ni jambo dogo.

Mama alikuwa wodini wiki ya tatu, na daktari alishatuambia tujiandae. Baba alikufa bila kuacha hata picha moja inayomwonyesha akiwa ziwani. Kaka ndiye aliyerithi tabia yake: akikaza kasia, huuma mdomo wa chini kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Mama alitaka kuiona sura hiyo mara moja zaidi.

Asubuhi ya mashindano nilipanda mtumbwi wa injini wa jirani yetu. Kila nilipoinua kamera, wimbi liliniyumbisha. Nilibofya ovyo, nikatazama kwenye kioo cha kamera: maji, mbingu, bega la jirani, kasia lisilo na mtu. Mtumbwi wa kina kaka ulipita mara ya kwanza nikaambulia ukungu. Ulipopita mara ya pili nikaangukia ndoo. Jirani akanishauri nipige magoti niegemee ubavu wa mtumbwi. Nikamfokea kwamba yeye aendeshe chombo, picha aniachie mimi. Hasira ile ilikuwa woga mtupu. Nilikuwa nalia, na wala sikujali kama ananiona.

Ukabaki mzunguko wa mwisho. Wakaja wakiongoza, kaka mbele kabisa, mdomo ameuma, mabega yanapanda na kushuka. Picha yenyewe ilikuwa ile. Nami, kwa mazoea ya studio, nikapaza sauti: "Kaka, angalia hapa!"

Akageuka. Akasimamisha kasia, akatabasamu. Kasia la aliyekuwa nyuma yake likagonga lake, mtumbwi ukaenda upande, wapinzani wao wakapita. Nilibofya. Picha ilitoka safi, hata matone ya maji shingoni yanaonekana.

Wenzake hawakumsemesha siku ile. Yeye hakunilaumu, aliniuliza tu kama imetoka.

Kesho yake niliisafisha kwa ukubwa wa kalenda nikaipeleka hospitali. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma, nikamwekea mikononi. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mdomo wa kaka.

"Huyu anacheka," akasema. "Ulimwita, siyo?"

Nikakiri. Akasema yeye hakuwahi kumwita baba hata siku moja akiwa na kasia mkononi. Hata yeye mama akiwa na shida, alisubiri ufukweni mpaka baba arudi. Nilijieleza kuhusu upepo na mawimbi, nikaahidi kwamba mashindano yajayo sitakosea. Nilijua naongea upuuzi. Akanirudishia picha kwa upole, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

"Mwambie aje na kasia lake," akasema. "Nimwone hapa hapa."

Nilimpigia kaka simu palepale, nikiwa koridoni. Alifika kesho yake mchana, kasia begani, manesi wakimshangaa, akakuta kitanda cha mama kitupu, kimetandikwa shuka jipya.