Baragumu la Sauti Moja

Mwezi uliopita nilikwenda Koboko kwa shughuli ya posa ya binti wa kaka yangu. Siku hizi naishi Inde, kusini ya Arua, nina kibanda cha vitenge sokoni, na Koboko napita tu kama mgeni, nikitazama maduka mapya na kulalamika. Kijana wa boda alikuwa ananipeleka kwa kaka kwa mwendo wa kutaka kutuzika wote wawili. Tulipokaribia shule niliyosoma, kwenye barabara ya Lobule, upepo ukaleta sauti za mabaragumu. Nikampiga kijana begani.

"Simama!"

"Mama, bado hatujafika."

"Najua. Simama hivyo hivyo."

Nikashuka na kitenge changu kizuri cha posa, nikaegemea uzio wa shule, nikasikiliza. Kijana alidhani naumwa. Hata wewe, rafiki yangu, ungenipita pale ungedhani hivyo hivyo. Basi keti nikueleze.

Nilikuwa darasa la sita. Tuliletewa mwalimu mpya wa muziki, mtu wa upande wa Arua, aliyepiga katika bendi ya jeshi miaka mingi kabla ya kushika chaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Darasani tulikuwamo Wakakwa, Walugbara na watoto wa wakimbizi kutoka Sudani, kwa hiyo Kiswahili hicho kilitufaa sote. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Afande. Alikuja na sanduku la bati lenye tarumbeta moja ya shaba, na asubuhi alipoitoa akaipiga mbele ya mstari, shule nzima ikataka kuwa bendi. Mimi ndiyo usiseme.

Nilikuwa na sababu yangu. Mama alifariki nikiwa bado mtoto wa mgongoni, baba alifanya kazi mbali, na aliyenilea ni bibi, mama yake baba. Bibi alinilea kwa muhogo. Aliupanda, akaung'oa, akaumenya, akauanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na kila jioni akautwanga kwenye kinu hadi unga ukampaka nyusi zake rangi nyeupe. Sikuwahi kumwona ameketi bila kazi mkononi. Nilitaka nimpigie wimbo, wimbo mzima kutoka mwanzo mpaka mwisho, na yeye aketi tu asikilize. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, na nilikitaka kwa tarumbeta ile ya shaba.

Siku ya kuchagua vyombo, mawingu yalitanda. Bibi alinituma nikakusanye muhogo mwambani kabla ya mvua, na nilipofika shule nikitweta, ngoma ilikuwa imeshachukuliwa na tarumbeta iko mkononi mwa mtoto wa mwalimu mkuu. Sisemi kitu. Yaliyobaki yalikuwa mabaragumu, yale tunayoyaita agwara: mti uliopasuliwa katikati, ukachongwa shimo ndani, ukaunganishwa kwa nta na kuvalishwa ngozi, na tundu la kupulizia liko ubavuni. Yalikuwa saba, kubwa likimpita mtu mzima kwa urefu, dogo kama mkono wangu. Sita yalikuwa na wenyewe. Nililoachiwa ni la tatu, si kubwa la kutisha wala dogo la kupendeza. Nikapuliza. Buuu. Nikapuliza tena nikidhani nimekosea. Buuu. Machozi yakanitoka.

"Unalia nini?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, hii iko na sauti moja tu."

"Na wewe iko na mdomo ngapi?"

Wote wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Sikia. Hapa mutu moja hapana piga wimbo. Kila mutu iko na nafasi yake. Wewe nangoja huyu wa pili. Akimaliza, unaingia. Ukiingia mbele, umeharibu. Ukichelewa, umeharibu."

Huyo wa pili alikuwa msichana wa Kisudani, mrefu, mpole, aliyekuwa akiishi na shangazi yake kwenye kambi ya wakimbizi. Alinitazama kwa huruma, nami nikamnunia bila kosa lolote.

Jioni nikabeba aibu yangu nyumbani. Bibi alikuwa anatwanga. "Haya, piga wimbo tusikie," akasema.

Buuu.

Akangoja. "Halafu?"

"Halafu basi."

Bibi alicheka mpaka akauweka mchi chini. Akalichukua baragumu ajaribu mwenyewe, lakini enzi zao waling'olewa meno ya mbele ya chini kwa desturi, na pumzi yote ikamtoka pembeni, fuuu, kuku wakakimbia. Tukacheka wote wawili, na hapo hasira yangu ikapungua. Kisha akauliza wale wawili wa mbele yangu wanalia namna gani. Nikamwimbia: tu, to. Akaushika mchi, akaanza kutwanga na kuimba. Tu, mchi chini. To, mchi chini. Halafu mchi ukapanda ukabaki juu, kama mtu aliyekumbuka jambo, ndipo ukaanza kushuka. "Sasa wewe!" akasema. Buuu.

Tangu siku hiyo tulipiga hivyo kila jioni. Jua likiwa bado kwenye majani ya migomba, harufu ya muhogo mkavu hewani, majani ya kunde yakichemka na simsim, ufuta wetu wa kusaga, ikingoja kutiwa, bibi akitwanga na kuimba sehemu za wenzangu, na mimi nikingoja mchi uliobaki juu. Nilikuwa na furaha ambayo sikulijua jina lake.

Shuleni sasa, balaa. "Umechelewa!" Kila siku. "Wewe, wa tatu, umechelewa tena!" Nilijitahidi, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kumngoja bibi. Tena mwalimu alikuwa ametangaza safari: mashindano ya muziki ya shule, mjini Arua, tungekwenda kwa lori. Sikuwahi kufika Arua. "Mutu ya kuchelewa nabaki Koboko," alisema, macho yake yakiwa kwangu. Kulikuwa na wasichana watano nje ya dirisha waliotamani nafasi yangu, na hawakuficha.

Aliyeniokoa ni msichana wa Kisudani. Bila kumwambia mtu, akaanza kunikanyaga. Sote tulikuwa miguu mitupu. Akimaliza sauti yake, anakanyaga dole gumba langu, nami papo hapo napuliza. Tu, to, buu. Mwalimu akatabasamu. "Ee! Sasa iko sawa." Msichana na mimi tukatazama mbele kama watakatifu. Hivyo ndivyo nilivyopata nafasi kwenye lori, kwa dole gumba, na hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Asubuhi ya safari shangazi yangu akaniletea viatu. Vyeusi, vya ngozi, vya binti yake aliyenizidi miaka mitatu. Akajaza karatasi mbele visinitoke. Mtoto wa watu hawezi kwenda Arua miguu mitupu, alisema. Nami nilivipenda viatu vile, sikudanganyi. Nilikaa ndani ya lori njia nzima nikivitazama, na barabara yote ya Arua sikuiona.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tukapanga mstari jukwaani, mwalimu akainua mkono. Tu, akapiga wa kwanza. To, akapiga rafiki yangu, na akanikanyaga, baadaye aliniapia kwamba alinikanyaga kwa nguvu zote. Sikuhisi kitu. Alikanyaga karatasi. Nikabaki nangoja mguu wake, watu wote wananitazama, na kichwani hakuna chochote ila mchi wa bibi uko juu. Uliposhuka, nikapuliza.

Wa nne alikuwa ameambiwa amfuate wa tatu, basi akanifuata. Wa tano akamfuata wa nne. Tuliporudi mwanzo, ikawa vile vile, na mara ya tatu wimbo mzima ulikuwa umeketi juu ya kule kuchelewa kwangu. Mkono wa mwalimu ulibaki hewani haujui pa kwenda. Hapo nyuma ya ukumbi akina mama waliokuja kutupikia wakapiga vigelegele. Mmoja wao, mzee kabisa, akatua beseni chini, akaanza kucheza, na kila tulipofika pale pa kungoja, mguu wake ukabaki juu pamoja nasi. Wengine wakamfuata. Sijawahi kuona ukumbi ukifanya vile.

Tukawa wa pili kutoka mwisho. Waamuzi walisema mwendo umevunjika. Ndani ya lori mtoto wa mwalimu mkuu akaniambia, "Umetuua," na hakuna aliyembishia isipokuwa rafiki yangu, aliyekuwa analia kuliko mimi. Mwalimu alikaa mbele na dereva, hakugeuka hata mara moja. Nilivivua vile viatu, nikaviweka chini ya kiti, na laiti ningekuwa na ujasiri ningevitupa barabarani.

Bibi alikuwa ameniwekea enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, na majani ya kunde yenye simsim. Nikamwambia tumeshindwa na aliyeharibu ni mimi, nimechelewa.

"Ulipochelewa, watu nafanya nini?"

"Wamama wanacheza."

"Sasa nani ameshinda kupita hao?" Akanisogezea bakuli. "Kula. Kawia ufike."

Nilikula, lakini kwa hasira.

Jumatatu mwalimu akaniita. Nilijua nafukuzwa, nikalibeba baragumu kabisa ili nimkabidhi. Hakulipokea. Akauliza, "Nani alikufundisha kungoja pale?" Nikazidi kumnyooshea baragumu. Akauliza tena, kwa upole ambao sikuujua kwake, nami nikamwambia habari ya mchi. Alasiri hiyo akanifuata nyumbani, anasukuma baiskeli yake. Bibi alipomwona alifuta kigoda mara mbili kwa upindo wa nguo.

"Karibu, Mwalimu. Huyu mtoto amefanya nini?"

"Hapana, mama. Mimi nakuja kuomba kusikia vile unatwanga."

Bibi akanitazama kuuliza kama mwalimu wangu ana akili timamu. Kisha akatwanga. Mwalimu akaketi pale kwenye kigoda kifupi, magoti yamemfika kifuani, akipiga kidole gotini. Moja, mbili, kidole juu. Moja, mbili, kidole juu. Alisikiliza muda mrefu hata bibi akasahau kwamba yuko.

"Mama," akasema mwisho, "hapo juu, mchi nangoja nini?"

Bibi akasimama. Akauegemea mchi.

"Hapo iko nafasi ya mama ya huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Tulikuwa tunatwanga wawili, kinu moja. Mimi mara mbili, yeye mara moja, sababu huyu alikuwa mgongoni kwake, alikuwa nachoka. Sasa yeye alikufa. Lakini mkono yangu nakataa kupiga mahali yake."

Mwalimu akavua kofia yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na baragumu kifuani, na nakuambia ukweli, nililia, si kama nilivyolia kwa ajili ya tarumbeta. Sikuwa na picha ya mama. Sikuikumbuka sura yake wala sauti yake. Kumbe kila jioni nilikuwa nikimpisha apige, kama alivyopiga nikiwa mgongoni mwake.

Kesho yake mwalimu alitupanga mstari akasema wimbo sasa utapigwa kwa kungoja pale, na wote tungoje. Mtoto wa mwalimu mkuu akalalamika: lakini Mwalimu, hiyo ndiyo iliyotufanya tushindwe!

"Kimya," akasema mwalimu. "Hapo iko mutu."

Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza. Wiki hiyo bendi nzima ilikuja kupiga kwetu, na bibi akaketi. Akaketi kweli, mikono mapajani, akasikiliza wimbo mzima kutoka mwanzo mpaka mwisho, na tulipofika pale, akafumba macho.

Bibi hayupo. Alituacha nikiwa sekondari. Kinu chake kilipasuka, mchwa wakakimaliza, na muhogo siku hizi unapelekwa mashineni, unarudi unga kabla hujamaliza kusalimiana na watu. Rafiki yangu alirudi kwao ng'ambo ya mpaka na shangazi yake, sikumsikia tena. Mwalimu alistaafu akarudi upande wa Arua. Kila nikipita huko nasema nitamuulizia, na sijafanya hivyo, na labda sasa nimechelewa kwa namna isiyofaa.

Basi nilikuwa pale uzioni. Watoto walikuwa saba, baadhi ya mabaragumu si mti tena, ni mabomba ya maji ya plastiki, na mwalimu wao ni msichana mdogo ambaye angeweza kuwa binti yangu. Wakaanza. Tu. To. Nikashika uzio. Na wakangoja. Wote saba, mguu juu.

Walipomaliza nikamwita yule wa tatu, msichana mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. "Mtoto yangu, kwa nini mnangoja pale?"

"Wimbo iko hivyo, mama," akasema. "Mwalimu anasema hapo iko mutu."

"Mutu gani?"

Akainua mabega. "Hapana jua. Sisi tumekuta hivyo."

Nilifungua mdomo nimwambie, lakini wenzake walikuwa wamemwita, akakimbia kushika nafasi yake. Nyuma yangu boda akapiga honi.

"Mama, twende?"

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja kidogo."